Miungu wa Afrika Katika Katuni za Marvel Wamenyimwa Ukoo

Tangu Oktoba 2024, kampuni ya Marvel ilipoanza kuchapisha mfululizo mpya wa katuni za Storm, shujaa mwenye uwezo wa kuamuru mvua na radi, ulioandikwa na Murewa Ayodele kutoka Nigeria, mhusika huyo amekuwa akipanda ngazi moja baada ya nyingine, hadi kuunganishwa na Eternity, nafsi ambayo katika ulimwengu huo wa kubuni imebeba uhai wa vitu vyote. Mashabiki wengi weusi wameipokea hatua hiyo kwa furaha, na hoja yao inaeleweka: mwanamke mweusi ambaye mama yake ni Mkenya sasa anawazidi nguvu Thor na Zeus, kwa hiyo Afrika hatimaye imepata heshima yake miongoni mwa miungu wa Marvel. Naiheshimu furaha hiyo, lakini naona inatumia kipimo kisichofaa. Miungu wa Afrika katika katuni hizi hawajawahi kupungukiwa na nguvu. Wamepewa nguvu tele. Walichonyimwa ni ukoo: baba wa kugombana naye, ndugu wa kumwonea wivu, makazi yanayojulikana, miiko inayowafunga na watu wenye haki ya kuwadai. Mungu asiye na mambo hayo hubaki pambo hata akipewa uwezo wa kuzima jua, na kila anapoongezewa uwezo huzidi kutengana na simulizi ambazo zingempa uzito.

Ili kuliona hilo inafaa kuanza na Thor, mungu wa radi wa Skandinavia ya kale, kwa kuwa yeye ndiye aliyeufungulia mlango utaratibu wote wa miungu katika Marvel. Alitokea mara ya kwanza katika toleo la 83 la Journey into Mystery, Agosti 1962, kazi ya Stan Lee, Larry Lieber na Jack Kirby. Nguvu zake, yaani nyundo, radi na uwezo wa kuruka, zilikuwa za kawaida kwa mashujaa wa wakati huo. Kilichomfanya aendelee kusomwa kwa zaidi ya miaka 60 ni mambo ya nyumbani kwao. Ana baba mkali, Odin, ambaye alimfukuza na kumfungia katika mwili wa daktari kilema ili ajifunze unyenyekevu. Ana ndugu wa kulelewa, Loki, ambaye kila uovu wake unaanzia kwenye donda la mtoto aliyejiona hapendwi. Ana daraja la upinde wa mvua lenye mlinzi wake, ana kiti cha enzi anachokitaka na kukikimbia kwa wakati mmoja. Hata Hercules alipoingizwa mwaka 1965, ugomvi wake wa kwanza na Thor ulikuwa juu ya nani apishwe kwanza kwenye daraja jingine, na katika kurasa chache tu msomaji akawa amezijua tabia za wote wawili.

Jambo ambalo wengi hawalitilii maanani ni kwamba sehemu kubwa ya ukoo huo ilibuniwa na Marvel. Katika maandiko ya kale ya Iceland, Loki si ndugu wa Thor hata kidogo. Ni mwana wa jitu, aliyechanjiana damu na Odin. Thor wa simulizi hizo ana ndevu nyekundu, lakini yule wa katuni alianza akiwa na nywele za rangi ya dhahabu na bila ndevu. Snorri Sturluson, aliyeziandika simulizi hizo mnamo mwaka 1220, alikuwa Mkristo, tena akiandika zaidi ya karne mbili baada ya nchi yake kuupokea Ukristo. Lee na Kirby walichukua masalia ya imani iliyokwisha kufifia, wakayatengenezea familia yenye migogoro inayoeleweka kwa kijana wa New York. Waliona haja ya kufanya kazi hiyo, na waliifanya kwa bidii.

Sasa tumtazame Storm. Anaingia katika toleo la Giant-Size X-Men la mwaka 1975, lililoandikwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum, na mahali pake ni Kenya. Wanakijiji wanakuja kumsihi kwa sababu ya ukame, naye anajibu kwa kuleta mvua. Kisha anatokea Profesa Xavier, mwanzilishi wa kikosi cha X-Men, anamweleza kwamba yeye si mungu bali ni mtu aliyezaliwa na kipawa adimu, na kwamba dunia nzima inamhitaji, naye anaondoka. Watu waliomwomba mvua hawana majina, hawana lugha yao, hawana hata mzee mmoja wa kumuuliza mgeni huyu anampeleka wapi. Baadaye, hasa kupitia mwandishi Chris Claremont, Storm alipewa maisha kamili ya kibinadamu: kuzaliwa Harlem, baba Mmarekani mpiga picha za habari, mama Mkenya, vifo vya wazazi wake mjini Cairo na hofu ya kufungiwa mahali pembamba iliyomwandama tangu siku hiyo. Hayo yote ni mazuri na ndiyo yaliyompa mapenzi ya wasomaji. Lakini ni ya Storm binadamu. Storm mungu hakupewa chochote. Mwaka 1985 alipofanywa tena mungu wa radi, nyundo alipewa na Loki, na mambo hayo yakatukia Asgard, makao ya Thor na Odin. Mungu aliyetambulishwa kwetu akiwa Kenya alilazimika kwenda kwa miungu wa Skandinavia ili apate mtu wa kumlaghai.

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana jambo la kusema ambalo msomaji wa Chicago huenda asiligundue. Wakikuyu humwomba Ngai, yaani Mungu, wakielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, na Jomo Kenyatta katika kitabu chake cha mwaka 1938 anaeleza kwamba Ngai hana baba, mama wala mwenzi wa aina yoyote. Wamasai wana Enkai, mmoja, anayetajwa kwa sura mbili, nyeusi ya neema na nyekundu ya ghadhabu. Katika mazingira hayo mwanamke kijana anayesimama juu ya mwamba na kuabudiwa kama mungu wa mvua ni kitu kigeni. Watu wanaoshughulika na mvua wapo, na wamekuwapo miaka mingi, lakini ni wanadamu wenye cheo na wajibu. Ukoo wa Nganyi huko Bunyore, magharibi mwa Kenya, unajulikana kwa kazi hiyo. Wazee wake husoma kuchipua kwa miti na mienendo ya wadudu na ndege katika misitu yao ya matambiko, na katika miaka ya karibuni wamekaa meza moja na wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya kuandaa utabiri wa pamoja. Kaskazini zaidi, miongoni mwa Wabari na Walotuho wa Sudan Kusini, kiongozi aliyedaiwa kuwa na mamlaka juu ya mvua aliweza kuuawa na watu wake mwenyewe mvua ilipokatika. Cheo cha namna hiyo kina hofu, siasa, urithi na hesabu ya kutoa. Kukigeuza kuwa uungu ni kuyafuta hayo yote kwa mpigo mmoja, kwa sababu mungu wa katuni hawajibiki kwa kijiji.

Kosa hilohilo lilirudiwa Wakanda, nchi ya kubuni ya shujaa Black Panther, tena na mwandishi ambaye hakuna anayeweza kumtuhumu kwa dharau. Ta-Nehisi Coates alipochukua katuni za Black Panther mwaka 2016, aliamua kuwaleta miungu wa nchi hiyo mbele, na hadithi yake iliyoanza mwaka uliofuata inauliza taifa litaishije miungu wake wanapotoweka. Ni swali zito, na sehemu ya hadithi inayogusa waliokuwa wenyeji wa ardhi hiyo kabla ya Wawakanda ni miongoni mwa mambo bora yaliyowahi kuandikwa kuhusu nchi hiyo ya kubuni. Hata hivyo, orodha ya miungu wenyewe inastahili kusomwa polepole. Bast, Thoth na Ptah wametoka Misri ya kale. Kokou ametoka katika imani za Vodun za Benin na Togo. Mujaji anabeba jina la malkia wa mvua wa Balobedu wa Limpopo, Afrika Kusini. Wote kwa pamoja wanaitwa Orisha, jina ambalo Wayoruba huwaita miungu wao. Nchi yenyewe imekuwa ikiwekwa na wachoraji upande wa Afrika Mashariki, na hakuna hata mmoja kati ya watano hao aliyetoka Afrika Mashariki. Hawahusiani kwa damu, kwa ndoa wala kwa ugomvi. Wamekusanywa mahali pamoja kwa kigezo cha bara tu, na kwa sehemu kubwa ya hadithi hawapo, kwa hiyo hatupati hata nafasi ya kuwasikia wakibishana.

Mujaji ananisikitisha kuliko wenzake. Modjadji ni cheo cha malkia aliye hai, kinachorithiwa kwa upande wa wanawake. Makobo, aliyekuwa wa sita, alitawazwa mwaka 2003 na kufariki mwaka 2005 akiwa bado kijana, na kifo chake kilifuatiwa na mvutano mrefu wa urithi ndani ya ukoo, mahakamani na serikalini. Humo kuna hadithi ya kiti cha enzi iliyo sawa na yoyote iliyowahi kutungwa juu ya Odin na wanawe. Katuni ilichukua jina, ikaliambatanisha na sifa ya utoaji wa riziki, ikaliacha hapo.

Okot p'Bitek wa Uganda aliliona jambo la aina hii mapema, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu wasomi wa Magharibi na dini za Afrika. Aliwalaumu wanaotaka kuzipa heshima dini za Kiafrika kwa kuwavika miungu wake mavazi ya Kigiriki, kana kwamba imani haiwezi kuthaminiwa hadi ifanane na ile iliyokwisha kuthaminiwa Ulaya. Yeye alikuwa akizungumza na wanateolojia, lakini lawama yake inawagusa pia waandishi wa katuni: dhana yenyewe kwamba kila taifa lazima liwe na baraza la miungu, mmoja wa vita, mmoja wa mvua, mmoja wa hekima, ni umbo lililoletwa kutoka kwingine.

Wanaotetea kupandishwa kwa Storm wana hoja nzuri na ni haki kuieleza kwa ukamilifu. Katika ulimwengu wa mashujaa, nguvu ndiyo sarafu. Ndiyo inayoamua nani anaongoza kikosi, nani anakufa ili mwingine ahuzunike, nani anapata jina lake kwenye jalada. Kwa miaka mingi wahusika weusi waliwekwa ngazi za chini, na Storm mwenyewe, aliyekuwa miongoni mwa mashujaa wanawake weusi wa kwanza kupata umaarufu mkubwa, aliwahi kuachwa nyuma ya wenzake mara kadhaa. Kumweka juu kabisa, tena kwa kalamu ya mwandishi kutoka Afrika, ni kurekebisha mizania iliyokuwa imeinama. Sina pingamizi na hilo. Ninachosema ni kwamba ngazi ya nguvu katika katuni hupanda na kushuka kila mhariri anapobadilika; mhusika anayeunganishwa na ulimwengu wote mwaka huu hutenganishwa nao mwaka ujao ili hadithi nyingine iweze kuanza. Mahusiano hayafutiki kwa urahisi huo. Hakuna mwandishi aliyeweza kumfanya Loki asiwe ndugu wa Thor tangu alipofanywa kuwa ndugu yake.

Kuna pia wazazi wengi, Waislamu na Wakristo, ambao hawaoni tofauti kati ya kuwachora miungu vizuri na kuwachora vibaya. Kwao kosa ni kuwachora. Hofu hiyo isibezwe, kwa sababu inatoka kwa watu wanaoamini kwamba kumwita kiumbe mungu ni jambo kubwa. Lakini katuni hizi hazimwiti mtu kwenye ibada, na kwa hakika zinawapunguza miungu wake zaidi kuliko zinavyowatukuza: wanapigwa, wanakufa, wanadanganywa, na juu yao daima kuna nguvu nyingine kubwa zaidi. Wenye sababu ya kulalamika ni wale ambao wanayemwabudu amechorwa. Wanaomwabudu Odin leo ni wachache mno, lakini Orisha wana waumini wengi Nigeria, Brazil na Cuba, na majimbo kadhaa ya Wayoruba yameitambua tarehe 20 Agosti kuwa siku ya dini ya jadi. Benin ina sikukuu ya kitaifa ya Vodun kila Januari. Filamu ya Black Panther ilipooneshwa India mwaka 2018, jina la Hanuman, linalotajwa na kiongozi wa Wajabari, mojawapo ya makabila ya Wakanda, lilinyamazishwa kwa ajili ya hisia za Wahindu. Uangalifu huo ulitokana na soko kubwa na bodi ya ukaguzi yenye meno. Kokou hakuwa na bodi ya kumtetea.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ambayo husemwa kwa kujiamini, ni ile inayodai kwamba waandishi hawakuwa na njia nyingine kwa kuwa Afrika haikuandika simulizi zake, kwa hiyo hapakuwa na nasaba za kuchukua. Haisimami. Historia ya Wayoruba ya Samuel Johnson ilichapishwa mwaka 1921, na humo yumo Shango, mfalme wa Oyo aliyejinyonga na kisha kuheshimiwa kama mungu wa radi. Simulizi za Wayoruba zinamtaja mkewe Oya, mwenye pepo na dhoruba, pamoja na wake wenza Osun na Oba na wivu wao. Dada, mume, shemeji na mke mwenza wa Storm walikuwa wanamsubiri maktabani tangu kabla Marvel haijaanzishwa.

Kama mtu anataka mfano wa karibu zaidi na Wakanda, yupo Kibuuka, mungu wa vita wa Buganda, na simulizi yake iliandikwa na mmisionari John Roscoe katika kitabu cha mwaka 1911. Kabaka Nakibinge, akizidiwa na Wanyoro vitani, alituma watu visiwa vya Ssese kuomba msaada. Wanema akamtoa mwanawe Kibuuka, ndugu yake Mukasa, mungu wa Ziwa Viktoria, na akampa maonyo: adui asijue mahali anaposimama, na asijihusishe na wanawake wa Kinyoro. Kibuuka alikuwa akipanda ndani ya wingu na kuwarushia adui mishale kutoka juu, na Buganda ikashinda. Miongoni mwa mateka alikuwamo mwanamke aliyempendeza. Akamchukua, mwanamke akajua siri ya wingu, akatoroka usiku na kuwaambia watu wake. Siku iliyofuata Wanyoro walilenga wingu. Kibuuka akajeruhiwa, akaruka hadi kwenye mti huko Mbale, Mawokota, na akafia hapo. Baba mwenye maonyo, ndugu mwenye heshima kubwa kuliko yeye, mfalme anayemtegemea, silaha ya ajabu, udhaifu wa moyo na kifo kinachotokana nao: vyote vimo katika kurasa chache, na Marvel haikuhitaji kubuni hata kimoja. Masalia yake, yaliyopelekwa Cambridge mwanzoni mwa karne iliyopita kwa mkono wa Roscoe huyohuyo, yalirudishwa Uganda mwaka 1962, mwaka uleule ambao Thor alitokea katika duka la magazeti la Marekani.

Msomaji makini anaweza kuniuliza: kama Ngai mwenyewe hana ukoo, kwa nini nausisitiza ukoo? Jibu ni kwamba sisemi kila mungu atungiwe mke na watoto. Pale ambapo watu wamemjua Mungu mmoja asiye na mwenzi, uhusiano wenye hadithi uko kati ya walio hai na mizimu yao, kati ya kijiji na mganga wa mvua, kati ya mzee na kiapo alichokula chini ya mti. Mwandishi anayemleta Storm Kenya ana utajiri huo wa kuuchota bila kumbunia Ngai ndugu. Anaweza kumpa Storm cheo badala ya uungu, awe mrithi wa wanawake waliokibeba kabla yake, aulizwe na wazee kwa nini aliondoka wakati wa ukame, na alipe. Hadithi kama hiyo ingekuwa na msuguano zaidi kuliko vita vyovyote vya nyota, na isingemvunjia mtu yeyote imani yake.

Yote haya yanaishia kwenye umiliki. Disney iliinunua Marvel mwaka 2009, na kila mhusika anayechorwa ndani ya kurasa hizo huwa mali ya kampuni katika umbo hilo. Kwa Thor hilo halikumuumiza mtu, kwa kuwa hapakuwa na hekalu lililokuwa bado na mlinzi. Kwa Kibuuka hali ni tofauti: ufalme wa Buganda ulirejeshwa mwaka 1993, eneo lake la Mbale lipo, na wapo watu ambao kwao jina hilo ni la kuapia. Ayodele na waandishi wengine wa bara hili wanaoingia sasa katika kampuni hizo wanapaswa kuungwa mkono wanapodai muda na bajeti ya utafiti, na wanapokataa kuchora kile ambacho wenye imani hizo hawajakiridhia. Mchoraji akitaka kumgusa Kibuuka, aanze kwa kwenda Mengo, makao ya ufalme wa Buganda, na Mbale kuomba idhini, na idhini hiyo iandikwe ndani ya mkataba pamoja na sehemu ya mapato, kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa.